Miaka Saba Baada ya Chanjo

Kikombe cha bati kiligonga ukingo wa karai mara moja, taratibu, kama mtu anayebisha hodi huku akiomba asisikike. Kisha maji yakamiminwa. Kisha kijiko kikalazwa juu ya sahani.

Mama Sponji alifumbua macho katika giza la alfajiri, akapapasa upande wa pili wa kitanda. Shuka lilikuwa limeshapoa. Hakuhitaji kuinuka ili ajue kinachoendelea uani. Mume wake alikuwa akiosha vyombo vyake mwenyewe kabla nyumba haijaamka, mtu mwingine asije akavigusa. Kikombe kimoja, sahani moja, kijiko kimoja. Alikuwa amevipaka doa jekundu kwa chini, kwa rangi ileile anayopakia miguu ya makochi, na akimaliza kuviosha alivipandisha juu ya kabati la karakana, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki.

Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Jirani yao seremala aliangukiwa na mbao mguuni, ikatafutwa damu, na mume wake, fundi wa makochi, akawa wa kwanza kukunja mkono wa shati. Hospitali wakampima, wakamwita pembeni. Damu yake haiwezi kupewa mtu, walimwambia. Ina virusi vya homa ya ini, ile aina ya B, na huenda alikuwa navyo tangu utotoni bila kujua. Ini lenyewe bado zima. Atakuwa akija kupimwa kila baada ya muda, na maisha yaendelee. Lakini fundi aliisikia ile sentensi ya kwanza tu. Mtu ambaye kicheko chake kilifika mpaka njia panda alirudi nyumbani amenywea, akachukua kikombe chake, akajitenga. Binti yao akimkimbilia, aliinua mikono juu kama mtu aliyekamatwa na askari.

Mama Sponji alijitanda shuka, akaenda kusimama mlangoni.

"Baba Sponji."

"Lala, mama. Bado mapema."

"Mapema, mbona wewe uko nje?"

"Naosha."

"Mimi sina mikono?"

"Unayo. Ndiyo maana sitaki uilete hapa."

Alikaa kwenye kizingiti, akautazama ule mgongo mpana uliokuwa umeinamia karai.

"Mama yangu anakuja Jumamosi," fundi alisema bila kugeuka. "Anakuja kumchukua mtoto. Atakaa naye kule kwake, na shule iko karibu."

"Mmepanga lini?"

"Juzi."

"Na mimi nimeambiwa lini?"

"Si ndiyo nakuambia."

Usingizi wote uliokuwa umebaki machoni ukamtoka.

"Sponji amechanjwa," alisema, akijizuia asiinue sauti. "Hakukosa sindano hata moja. Nilimpeleka mwenyewe, na nikalia kuliko yeye."

"Alichanjwa akiwa mchanga. Leo ana miaka saba. Hata gundi nzuri huachia, Mama Sponji, na gundi mimi naijua."

"Nani kakuambia chanjo inaachia?"

"Mama."

Hilo lilitosha. Mama mkwe wake hakuwa mtu wa maneno mengi, ila machache aliyosema yalikaa. "Nguo aliyovaa akiwa mchanga inamtosha leo?" alikuwa amemuuliza Mama Sponji kwenye simu. "Basi na hiyo sindano imeshambana."

Jina la Sponji mtoto alipewa na baba yake siku aliyomshika mara ya kwanza. Alimbonyeza shavu kwa kidole, kama anavyojaribu sponji jipya la kochi, shavu likaingia ndani, likarudi. "Hii ni daraja la kwanza," alisema, na wakunga wakacheka. Kwa miaka yote saba mtu huyo hakupita karibu na shavu lile bila kulibonyeza. Sasa ilikuwa miezi miwili hajaligusa.

Mama Sponji aliacha shule kwa sababu ya mimba ya mtoto huyo huyo. Siku hizi alisoma masomo ya jioni, kwenye dawati lililoandikwa majina ya watoto wa mchana, na mwalimu wa biolojia alimwita Mama Kwa Nini, maana akijibiwa aliuliza tena kuhusu jibu.

"Leo naenda naye kliniki," alisema. "Wampime kama kinga bado ipo. Ikiwepo, mama yako atarudi na begi lake tupu."

"Isipokuwepo?"

"Itakuwepo."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayejua. Hakuwa anajua.

Majibu yalitoka kesho yake. Kijana wa maabara aliinamisha kichwa kwenye tundu la dirisha, akasema haraka, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu, "Mtoto hana virusi. Ila kingamwili zimeshuka, ziko chini ya kiwango. Anayefuata!"

Mama Sponji alijikuta getini bila kujua miguu ilivyomfikisha. Yeye mwenyewe ndiye aliyetaka kipimo, yeye mwenyewe aliyejigamba kwenye kizingiti, na sasa anarudi nyumbani na neno ambalo mama mkwe wake atalipokea kama zawadi.

"Mama, tumeshamaliza?" Sponji aliuliza, akiruka kwa mguu mmoja.

Aliitazama barabara. Akaugeukia mlango wa kliniki.

"Bado," alisema. "Mama hajauliza."

Chumba cha chanjo kilikuwa kimejaa wanawake na vilio. Walikaa kwenye benchi la nyuma, wakawapisha wenye vichanga, mpaka akabaki muuguzi peke yake akifunga sanduku la barafu. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye viatu vya raba na kicheko cha kifuani, na ndiye aliyemchoma Mama Sponji sindano yake ya kwanza wiki chache nyuma, alipopimwa akakutwa hana virusi wala kinga.

"Nimekuona ukipita na uso wa mtu aliyeibiwa," muuguzi alisema. "Nikasema huyu atarudi. Haya, toa."

Alitoa yote: kipimo, Jumamosi, begi, gundi, nguo ya kichanga. Muuguzi alivuta kiti akakaa.

"Nisikilize vizuri, maana mguu unaniuma na sitarudia. Chanjo ilipoingia, mwili wa huyu mtoto ulifanya mambo mawili. Kwanza ulitengeneza hizo kingamwili zinazotembea kwenye damu, ndizo walizozipima. Hizo hupungua miaka inavyokwenda. Kwa watoto wengi tu, wala si kosa la mtu. Jambo la pili kipimo kile hakilioni. Mwili ulijifunza. Kuna chembe zilizobaki humo zinakumbuka sura ya kirusi. Kikiingia leo, zinaamka, zinatengeneza kinga upya. Na homa ya ini B haina haraka, inachukua wiki nyingi kujijenga. Mwili unaiwahi."

"Unakumbuka mpaka lini?"

"Wapo watu waliochanjwa wadogo wakafuatiliwa miaka thelathini. Bado wamelindwa. Zaidi ya hapo siwezi kukuapia, chanjo yenyewe si ya zamani kiasi hicho, lakini kila dalili inaonyesha ni ya maisha."

"Kwa hiyo haongezewi?"

"Mtoto mzima, haongezewi. Wapo wanaohitaji kufuatiliwa, kama anayesafishwa damu kwa mashine, au ambaye kinga ya mwili wake ni dhaifu. Huyu wako ana nini?"

Wote wawili walimgeukia Sponji. Alikuwa amening'inia kichwa chini, miguu juu ya benchi, anaimba.

"Ana utundu," mama yake alisema.

"Huo hatuna chanjo yake."

Mama Sponji alicheka, kisha kicheko kikakatika. "Na nitajuaje kama chanjo ilimshika hapo mwanzo?"

"Ee, wewe!" Muuguzi alimtazama kwa macho mapya. "Karibu watoto wote wanaomaliza sindano inawashika. Wachache sana haiwashiki. Ukitaka, namchoma moja, halafu baada ya mwezi tunampima. Kinga ikiruka juu, basi mwili ulikuwa unakumbuka. Lakini si lazima."

Mama Sponji alilipima hilo kimoyomoyo. Kesho ndiyo Jumamosi. Hakutaka mtoto achomwe ili mtu mzima atulie.

"Hapana. Nimeelewa."

"Vizuri. Sasa niambie habari za nyumbani. Wembe?"

"Ana wake."

"Mswaki?"

"Kila mtu na wake."

"Chumbani, nilishakuambia, mipira mpaka umalize sindano zako."

"Dada, mtoto anasikia!"

"Anaimba. Na hicho kidole kimefanya nini?"

Mama Sponji aliutazama mkono wake. Kidole cha shahada kilikuwa kimefungwa kitambaa, na kile cha kati kilikuwa na vitobo vya zamani. "Ah, kazi tu. Tunashona makochi. Shazia inachoma." Akaonyesha kwa vidole urefu wa ile sindano kubwa iliyopinda. "Mgongo wa kochi unashonwa na watu wawili. Yeye anakaa ndani, mimi nje. Yeye anaisukuma, mimi naivuta, nageuza, namrudishia."

"Sindano moja?"

"Moja."

"Na yeye inamchoma?"

Mama Sponji aliitikia kwa kichwa, akakificha kidole kiganjani.

"Na ile misumari midogo ya kupigilia kitambaa, mnaishika vipi?"

"Mdomoni," Mama Sponji alisema polepole. "Tunaibana kwa midomo. Iliyobaki anatema kwenye kopo, na mimi nachota humo."

Muuguzi hakucheka. "Mama, sahani haina neno. Kula pamoja hakuna neno, kukumbatiana hakuna neno. Ni damu. Na kwenye chuma kikavu kirusi hiki kinakaa hata wiki. Wewe una sindano moja tu mwilini, na moja haijatosha. Jumatatu ndiyo ya pili, usikose. Ya tatu ikipita, tutapima damu yako tuone imekushika, maana unaishi naye. Na mama yake fundi, amewahi kupimwa?"

Njia nzima ya kurudi Mama Sponji alimshika mtoto mkono kwa nguvu mpaka akalalamika. Katika nyumba yao, mwenye kinga alikuwa mmoja tu, na ndiye waliyekuwa wakimfungia mizigo.

Alimkuta fundi karakanani, amepiga magoti ndani ya fremu ya kochi la watu watatu, shazia mkononi, misumari midomoni.

"Shika upande wako," fundi alisema kwa midomo iliyobana. Alikuwa anamsubiri wamalizie mgongo.

"Tema kwanza."

"Nini?"

"Tema misumari, Baba Sponji."

Aliitema kiganjani. Mke wake alimweleza alivyoelezwa, bila kupamba, akianza na mtoto: kingamwili zimeshuka, mwili unakumbuka, hahamishwi. Fundi alitaka kubisha, na mkewe akainua kile kidole kilichofungwa kitambaa. Akasema habari ya shazia. Akasema habari ya kopo.

Fundi alitoka ndani ya fremu akaketi juu ya lundo la vipande vya sponji, likammeza nusu. Aliitazama sindano kama hajawahi kuiona.

"Nimekutengea kijiko," alisema, "nikakuachia sindano."

"Hukujua. Wala mimi sikujua. Sasa tunajua." Akaichukua ile shazia mkononi mwa mumewe, akaiweka kwenye benchi. "Mwezi uliopita nimepimwa, niko salama. Jumatatu nachomwa ya pili. Kuanzia leo kila mtu na shazia yake, ndani ya kopo lake. Mmoja akishona, mwingine anakata kitambaa."

"Kazi itachelewa."

"Ichelewe."

"Na misumari?"

Mama Sponji alikwenda kwenye kabati, akanyoosha mkono juu, akashusha sahani yenye doa jekundu. Akamimina humo pakiti mpya ya misumari. Ile ya kopo akaifunga kwenye mfuko ikatupwe.

"Utaokota hapa, kwa vidole, kama binadamu."

"Hiyo ni sahani yangu ya kulia."

"Ilikuwa."

Kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili kitu kilimcheza fundi pembeni mwa mdomo. Hakikufika kuwa tabasamu. "Mama hatakubali," alisema.

"Mama niachie mimi."

Bibi alifika Jumamosi asubuhi na begi la nguo mkononi, tupu, limekunjamana. Alipita moja kwa moja karakanani, kama kawaida yake, kwa sababu karakana hiyo aliianzisha yeye na marehemu mumewe, na mwanawe alijifunza kazi akiwa amekaa miguuni pake. Macho yalipoanza kumsumbua aliiacha. Lakini hakuweza kukaa mahali penye kiti kilichofunguliwa akatulia. Juu ya benchi kulikuwa na kiti cha zamani cha springi, cha aina ambayo watu hawaagizi tena, kinangoja kufungwa kamba.

"Mama Sponji, mimi sikuja kugombana," alisema, akiketi kando ya kile kiti. "Nimekuja kumchukua mjukuu wangu. Mumeo amekubali."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimesema nimekuja kumchukua."

"Nimesikia. Hatakwenda."

Fundi, aliyekuwa akikata kitambaa, aliushika mkasi hewani. Bibi aliinua nyusi.

"Mmempima?"

"Tumempima. Hana virusi. Kinga inayoonekana kwenye damu imeshuka."

"Si nilisema! Imembana!"

"Imeshuka, haijaisha. Mwili wake ulifundishwa, mama, na haujasahau."

"Mwili unakumbuka nini? Mimi mwenyewe sikumbuki nilichokula juzi." Bibi alikuwa ameshachukua kamba. Mikono yake iliizungusha kwenye kichwa cha springi, ikapitisha chini, ikavuta, ikaenda kwenye springi ya pili. Macho yake yalikuwa kwa mkwe wake muda wote. "Mtoto mchanga hajui hata jina lake, utasema anakumbuka sindano?"

Mama Sponji aliitazama ile mikono. "Mama, mara ya mwisho kufunga springi ilikuwa lini?"

"Loo, nani anajua. Huyu Sponji hajazaliwa."

"Na sasa hivi umefunga ngapi?"

Bibi alishusha macho. Safu nzima ya mbele ilikuwa imefungwa, mafundo yamekaa sawa, kamba imekaza. Aliigusa kwa kidole, kama anahakikisha ni kazi yake.

"Hakuna aliyekukumbusha," Mama Sponji alisema. "Kiti kimekuja, mikono ikaamka. Na damu yake ndivyo ilivyo."

"Mimi siyo chanjo," Bibi alisema. Lakini alisema kwa chini. Kisha akauliza kwa sauti nyingine kabisa, sauti ya mtu anayetaka kujua, "Na itakumbuka mpaka lini?"

"Wamewafuatilia watu miaka thelathini. Wanaamini ni ya maisha."

"Na mwanangu?"

"Anapimwa, ini lake ni zima. Atakula na sisi. Cha kuogopa ni damu, na hiyo tumeshaitengenezea utaratibu."

Bibi aliitazama ile sahani ya misumari, makopo mawili ya shazia, kidole cha mkwe wake. Alikuwa fundi, hakuhitaji kuelezwa zaidi. Rangi ilimbadilika.

"Miaka yote hiyo," alisema, "mimi na baba yake tulishona kwa shazia moja."

Hapo Mama Sponji aliacha kusimama. Alichuchumaa mbele ya mama mkwe wake, akamshika magoti. Neno la muuguzi lilikuwa mdomoni mwake tangu jana, na angeweza kulirusha kama jiwe. Alilitoa kwa uangalifu, kama mtu anayetoa mwiba.

"Jumatatu nakwenda kuchomwa ya pili. Nataka twende wote, mama."

"Mimi naumwa nini?"

"Huumwi. Baba Sponji hakuumwa vilevile. Wanasema mara nyingi mtu hupata hivi virusi akiwa mdogo sana."

Fundi aliweka mkasi chini.

"Unasema nilimpa mimi," Bibi alisema.

"Sijui, na hakuna anayejua. Wakati ule chanjo yenyewe haikuwepo, mama. Nasema tukapime, na kama vipo, ini lako nalo liangaliwe mapema. Nakuhitaji. Mtoto anakuhitaji."

Bibi aliizungusha kamba kidoleni. Kisha akalivuta lile begi tupu, akalikunja mara mbili, akaliweka chini ya benchi.

"Kwa hiyo nilikuwa natoa mtoto kwenye nyumba iliyopimwa," alisema, "nampeleka kwenye nyumba isiyopimwa." Akapenga kamasi. "Huko kwenye masomo ya jioni wanawafundisha ukaidi?"

"Huo nilikuja nao, mama."

"Nilijua. Nilimwambia huyu siku ya posa. Saa ngapi Jumatatu?"

"Mapema. Foleni ni ndefu."

Mchana Mama Sponji aliweka sinia moja katikati ya mkeka, viazi na mchuzi wa nyama vikitoa moshi, na vijiko vinne visivyo na alama. Bibi alikaa, Sponji akakaa. Fundi alisimama mlangoni, mikono imelowa maji, hajui pa kuiweka.

"Unasimama kama mpiga picha," mama yake alimwambia. "Kaa, chakula kinapoa."

Alikaa mwisho kabisa wa mkeka, nusu yake iko sakafuni. Mama Sponji alichukua kijiko chake akala, ili aonekane anakula.

Sponji alimtazama baba yake. Akajisogeza kwa makalio, mara moja, mara ya pili, mpaka goti lake likagusa paja la baba. Mikono ya fundi ilianza kupanda juu, ile desturi mpya; ikafika kifuani, ikasita. Kisha ikashuka. Mmoja ukachukua kijiko, ukaingia kwenye sinia.

"Baba, hicho kiazi kikubwa ni changu," Sponji alisema.